Kikao cha Kabla ya Kutoa Damu

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha ultrasaundi. Mimba ilikuwa ya tatu, ina wiki 12 kamili, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka 37. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki aliyokwisha kuifungua na kuifunga mara kadhaa. "Dada, wameandika mtoto ana maji shingoni, milimita 3.1. Yule kaka aliyenipima kasema nikamwone daktari, na daktari hayupo mpaka wiki ijayo. Maji ya shingoni ndiyo nini?"

Sikujua. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, maneno ambayo hayajawahi kumsaidia mtu. Siku 9 zilizofuata alilala kwa kuibia. Mama mkwe wake akaanza kuuliza nani aliambiwa habari za mimba mapema. Shemeji yangu akanyamaza kabisa, kila jioni anaosha gari lililo safi. Siku ya 10 tulimpata daktari wa hospitali nyingine aliyesomea hasa kipimo hicho. Alimlaza mdogo wangu, akapaka jeli, akatazama skrini, kisha akautoa mkono. "Ameinua kidevu," akasema. "Tumsubiri." Akatueleza kwamba mtoto akitupa kichwa nyuma, kipimo cha shingo huongezeka. Mdogo wangu akaambiwa akohoe, ageukie ubavu, atembee kidogo koridoni. Zikapita dakika 20. Kidevu kikashuka. Daktari akaikuza picha mpaka kichwa na kifua cha mtoto vikajaza skrini nzima, akaweka vialama viwili vya msalaba kwenye kingo za ule ukanda mwembamba mweusi nyuma ya shingo, akapima mara tatu: 2.2, 2.1, 2.2. Kwa umri ule wa mimba ni kawaida. Zilikuwa zimebaki siku 3 tu muda wa kipimo hicho upite.

Wanawake wengi wa mijini siku hizi hukutana na vipimo vya kromosomu kwa njia hiyo: wanashtukia wameshapimwa. Mtu anakwenda kumwona mtoto akicheza, anarudi na namba. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote nitakayoyasema yanauzunguka: amueni mnataka kujua nini, na mkishajua mtafanya nini, kabla sindano haijaingia mkononi na kabla jeli haijapakwa tumboni.

Kwanza, kinachotafutwa. Karibu kila chembe hai ya mwili wetu ina kromosomu 46, zimepangwa jozi 23, nusu zimetoka kwa mama na nusu kwa baba. Ndizo zinazobeba maelekezo ya kuujenga mwili. Ikitokea yai au mbegu imebeba kromosomu moja ya ziada, mtoto huanza safari akiwa na 47. Ikizidi kromosomu namba 21, hiyo ndiyo hali ya Down, iliyopewa jina la daktari Mwingereza John Langdon Down aliyeieleza mwaka 1866. Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959 tu, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris walipotangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja zaidi. Ikizidi namba 18 huitwa hali ya Edwards, ikizidi namba 13 huitwa hali ya Patau. Hizi mbili ni nzito sana: mimba nyingi za namna hiyo hutoka zenyewe, na wengi wa watoto wanaozaliwa hai hawafikishi mwaka mmoja. Hali ya Down ni tofauti. Mtoto hujifunza taratibu, huweza kuwa na maradhi ya moyo au tezi ya shingo, lakini huishi, husoma, hucheza. Mwaka 1983 nchini Marekani watu wenye hali hiyo waliishi kwa wastani miaka 25. Leo hufika kama 60, kwa sababu mioyo yao inatibiwa.

Kwa nini kromosomu izidi? Mayai ya mwanamke hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Yai linalotunga mimba akiwa na miaka 38 limekuwa likisubiri zamu yake kwa zaidi ya miaka 38, jozi zake zimeshikana muda wote huo, na siku ya kuachana jozi moja inashindwa kuachana. Basi. Ndiyo maana umri una uzito. Kwa mama wa miaka 25, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni kama 1 kati ya 1,250. Kwa wa miaka 35 ni kama 1 kati ya 350, kwa wa 40 kama 1 kati ya 100, na kwa wa 45 kama 1 kati ya 30. Lakini msiache kuitazama hesabu hiyo kutoka upande wa pili: mama wa miaka 40 ana nafasi 99 kati ya 100 za kuzaa mtoto asiye na hali hiyo. Tena watoto wengi wenye hali ya Down huzaliwa na mama wa chini ya miaka 35, kwa kuwa hao ndio wanaozaa kwa wingi. Binti wa miaka 24 asidhani habari hizi ni za dada zake peke yao.

Hapa naomba mama wakwe, mashangazi na majirani wasome pamoja nasi. Kromosomu ya ziada haitokani na sindano ya uzazi wa mpango, wala kubeba ndoo, wala chakula alichotamani au alichokikataa, wala jicho la mtu. Hata zile mimba zinazoharibika miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu yake zilikuwa na hitilafu ya kromosomu tangu siku ya kwanza. Mwanamke aliyekwisha kulia mara moja kwa mimba iliyotoka hana haja ya kuongezewa kesi.

Sasa vipimo vyenyewe. Viko vya mchujo na viko vya uthibitisho, na karibu machozi yote niliyoyaona yametokana na kuvichanganya. Mchujo ni ungo. Unapeta mchele, vyenye shaka vinasogea ukingoni, kisha unaviokota kimoja kimoja na kuvitazama kwenye mwanga: vingi ni chenga tu, kimoja huenda ni jiwe. Ungo haujawahi kusema hili ni jiwe. Umesema tu, tazama hapa.

Mchujo wa kwanza ndio ule aliofanyiwa mdogo wangu nusunusu. Hufanywa kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84 kutoka utosini hadi matakoni. Yanapimwa majimaji ya nyuma ya shingo, ambayo kwenye karatasi utayaona kwa herufi NT. Kila mtoto wa umri huo anayo. Yakizidi ndipo maswali yanaanza. Kipimo hiki kilienea kutokana na kazi ya Kypros Nicolaides na wenzake wa hospitali ya King's College, London, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakikukusudiwa kusimama peke yake. Huunganishwa na damu ya mama, inayotazamwa viwango vya vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo la nyuma, hCG na PAPP-A, kisha umri wa mama unaingizwa na kompyuta inatoa namba moja ya mwisho. Kikifanywa chote, na mtu aliyefunzwa, hunasa watoto 85 hadi 90 kati ya kila 100 wenye hali ya Down. Mdogo wangu alipimwa shingo tu, tena kidevu kimeinuka. Damu haikuchukuliwa, hesabu haikufanywa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza dirishani, hata kabla ya bei, ni hili: mnapima shingo peke yake, au shingo pamoja na damu? Na anayepima amesomea kipimo hiki?

Sisi wenye asili ya Afrika tuna maswali mawili ya ziada. Kiwango cha PAPP-A kwa wanawake wa asili yetu kwa kawaida kiko juu kuliko cha wanawake wa Kizungu, na programu ya hesabu lazima iambiwe hivyo, la sivyo inaweza kukupa namba ya kutuliza moyo ambayo si yako. Iambiwe pia uzito wako, kama unavuta sigara, kama ni mapacha, kama mimba ilipandikizwa. La pili ni mfupa wa pua. Kutoonekana kwake katika wiki hizo ni moja ya dalili wanazozitazama wapimaji, lakini kwa watoto wenye asili ya Afrika hali hiyo hutokea mara nyingi zaidi hata wakiwa hawana tatizo lolote. Ukisikia "pua haionekani", muulize daktari kama ameliweka hilo kwenye mizani.

Namba inayotoka huandikwa kama 1 kati ya kitu fulani, na hapa ndipo watu huzimia. England, kwa mfano, mama aliyepata 1 kati ya 150 au karibu zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa kwenye kundi la uwezekano mkubwa na huitwa kwa mazungumzo. Ukipewa hiyo, fanya hivi jikoni. Hesabu punje 150 za maharage mekundu, toa moja, weka jeupe mahali pake, tikisa bakuli. Funga macho uchovye mkono. Hiyo ndiyo namba uliyopewa. Lile jeupe limo, wala sisemi halimo, lakini mkono wako utatoka na jekundu mara nyingi mno. Na aliyepewa 1 kati ya 2,000 naye asiape kwamba mtoto wake hana kitu. Bakuli lake ni kubwa zaidi, na jeupe bado limo.

Mchujo wa pili ni wa damu peke yake, ule unaotazama vinasaba. Dennis Lo na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba vipande vya vinasaba vya mimba huelea ndani ya damu ya mama, na tangu mwaka 2011 maabara zimekuwa zikiuza kipimo kinachovihesabu. Hospitali hukiita NIPT. Hufanywa kuanzia wiki ya 10, kwa chupa ndogo ya damu ya mkononi. Kwa hali ya Down hunasa watoto zaidi ya 99 kati ya 100, na hukosea kumshuku mtoto asiye nayo mara 1 hivi kati ya 1,000. Kwa hali ya Edwards na ya Patau uhakika hushuka kidogo. Kwetu Afrika Mashariki bei yake bado ni mzigo, na mara nyingi damu husafirishwa nje ya nchi, hivyo kaeni mkijua kwamba kuna kusubiri.

Tangazo likisema asilimia 99, msomaji huelewa kwamba jibu baya ni kweli kwa asilimia 99. Sivyo. Chukua wanawake 10,000 vijana, ambao 10 kati yao wamebeba mtoto mwenye hali ya Down. Kipimo kitawanasa karibu wote 10. Lakini kati ya wale 9,990 waliobaki kitamshuku mmoja katika kila elfu, nao ni kama 10 wengine. Sasa wanawake 20 wamepigiwa simu ya kushtua, na nusu yao hawana lolote. Chukua wa miaka 40, 10,000 vilevile: wenye watoto hao ni kama 100, wananaswa 99, wanaoshukiwa bure ni 10. Hapo simu 10 kati ya 11 ni za kweli. Kipimo ni kilekile, karatasi ni ileile, uzito wa neno unabadilika kwa umri wa aliyeshika karatasi. Muulize daktari hivi: "Kwa mtu wa umri wangu, jibu hili ni kweli kwa kiasi gani?" Asipoweza kujibu, tafuteni anayeweza.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vile vipande vinavyoelea kwenye damu hutoka zaidi kwenye kondo la nyuma. Mara chache kondo huwa na hitilafu ambayo mtoto hana. Mara chache pia jibu hukataa kutoka kwa sababu vipande ni vichache, hasa kwa mama mwenye uzito mkubwa au aliyepimwa mapema mno, au huchanganywa na pacha aliyekufa mapema na kuacha masalia. Kwa hiyo NIPT nacho ni ungo. Ni ungo mzuri kuliko wote tulionao, ila ni ungo. Mtu asifanye uamuzi usiorudi nyuma kwa karatasi hiyo peke yake.

Na wale wanaokinunua ili wajue ni wa kike au wa kiume wiki ya 10, nawaomba wafikiri tena. Ukifungua mlango huo, majibu ya kromosomu yanaingia pamoja na ya jinsia, na ulikuwa hujayaandalia kiti.

Uthibitisho hupatikana kwa sindano. Kati ya wiki 11 na 14 daktari anaweza kuchukua chembe ndogo za kondo la nyuma. Kuanzia wiki ya 15 huchukua maji kidogo kutoka kwenye chupa ya uzazi, kipimo kiitwacho amniosentesisi. Sindano nyembamba hupita kwenye ngozi ya tumbo huku ultrasaundi ikionyesha njia. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya kipimo hicho, mikononi mwa mzoefu, ni chini ya 1 kati ya 200. Ni ndogo, lakini ipo, na mama anastahili kuambiwa. Mwenye damu ya kundi lenye alama hasi aulizie sindano ya kinga baada ya kipimo. Mwenye virusi vya UKIMWI aseme mapema, ili kipimo kifanywe virusi vikiwa vimefubazwa na dawa, kwa usalama wa mtoto. Mwenye homa ya ini aina ya B naye aseme. Wataalamu wa sindano hii katika nchi zetu ni wachache na wako miji mikubwa, kwa hiyo ulizeni walipo kabla ya mchujo. Kumpa mtu shaka mahali pasipo na njia ya kuithibitisha ni kumtwisha mzigo wa miezi sita.

Turudi kwenye kile kikao cha kuamua kabla ya kupimwa. Hakihitaji ajenda. Ni baba na mama wa mtoto, jioni, televisheni imezimwa, watoto wamelala. Mmoja aulize: tukipewa namba ya kututia shaka, tutakwenda kwenye sindano? Kama jibu ni hapana, tunataka namba ya nini? Wapo watakaosema wanataka kujiandaa, na hiyo ni sababu nzito. Wapo watakaosema wanataka kutulizwa tu; hao wajue kwamba mchujo huwatuliza wengi na kuwatikisa wachache, na hakuna anayejua mapema ataangukia wapi. Wapo watakaosema hatutaki kujua, huyu ni wetu hata iweje. Hao waheshimiwe. Kipimo hiki si kama cha kaswende au cha presha, ambavyo kuvikataa ni kumhatarisha mtoto. Kukikataa ni haki ya mtu. Kisha ulizaneni nani mwingine ataambiwa, na lini. Mdogo wangu angeokoa usiku kadhaa kama habari za shingo zisingefika kwa mama mkwe kabla ya kufika kwa daktari.

Lipo na la sheria, ambalo watu hulizunguka. Sheria za Tanzania haziruhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 26, inaruhusu pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini. Kromosomu ya mtoto peke yake haikutajwa humo. Nalisema ili mtu asiingie kwenye kipimo akidhani jibu litamfungulia mlango fulani, kisha akajikuta uchochoroni kwa mtu mwenye vyuma vichafu. Uchochoro huo umetuzikia dada zetu wengi. Ongeeni na daktari wenu, na shehe au mchungaji wenu kama ndivyo mlivyozoea, mkiwa mmekaa, si mkiwa mnakimbia.

Basi kwa anayejua kwamba ataendelea na mimba hata jibu liwe lipi, kujua kuna faida gani? Nyingi. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Ikijulikana mapema, mama hujifungulia mahali penye daktari wa watoto, na moyo wa mtoto unapimwa wiki ya kwanza badala ya kusubiriwa dalili. Zamani watoto wa Tanzania wenye matundu ya moyo walikuwa wakipelekwa India. Leo wengi hufanyiwa upasuaji Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Wazazi hupata miezi ya kulia na kumaliza kulia, kusoma, kukutana na familia nyingine. Na kama jibu ni Edwards au Patau, hupata nafasi ya kuzungumza na madaktari jinsi ya kumpokea mtoto ambaye huenda akakaa nao siku chache, na kuamua asumbuliwe kiasi gani.

Haya yote yanataka kuanza kliniki mapema, na hapo ndipo tunapojikwaa. Tunaficha mimba mpaka mwezi wa nne au wa tano, kwa kuogopa macho ya watu, na wiki ya 13 haimngojei mtu. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12, na ultrasaundi moja angalau kabla ya wiki 24. Unaweza kumficha jirani bila kumficha nesi. Andika tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho kwenye simu leo hii, hata kama hujui kama una mimba. Na kama ulishika mimba baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango, au ungali unanyonyesha na hukuwa unaona siku zako, sema hivyo waziwazi, usibuni tarehe kumridhisha anayeandika kadi. Umri wa mimba ukikosewa kwa wiki mbili, hesabu yote ya mchujo inaharibika. Ultrasaundi ya mapema, inayompima mtoto urefu, itakupa umri sahihi zaidi kuliko kumbukumbu.

Aliyechelewa bado anaweza kupimwa damu ya mchujo mpaka wiki ya 20, na NIPT hakina mwisho wa haraka. Lakini kwa anayeishi mbali na mji na mwenye fedha ya kipimo kimoja tu, nitamwambia aitumie kwenye ultrasaundi ya kina ya wiki 18 hadi 22, inayotazama moyo, ubongo, uti wa mgongo na figo. Ndivyo walivyoamua mdogo wangu na mumewe. Daktari aliwaeleza kuhusu NIPT, wakakaa kikao chao, na shemeji, aliyekuwa bubu wiki nzima, akasema anachotaka ni kujua kama moyo wa mtoto uko sawa na pa kumpeleka mkewe akajifungue. Wakaweka fedha hapo.

Na kabla ya fedha ya kromosomu, ipatikane ya yale ya kila siku: presha, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, sukari. Vilevile selimundu. Ugonjwa huo hauonekani kwenye NIPT ya kawaida wala kwenye shingo ya mtoto, kwa kuwa ni kasoro ya kinasaba kimoja, si ya kromosomu nzima, na kwetu maelfu ya watoto huzaliwa nao kila mwaka. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na mtoto mgonjwa. Kipimo chake ni cha damu ya wazazi na bei yake ni ndogo, na wakati wake mzuri ni kabla ya harusi. Kwa wanandoa wengi wa Afrika Mashariki ningekitanguliza hicho.

Siku ya kupimwa, usiende peke yako. Kabla ya kulipa, uliza ni nani atakayekusomea majibu, siku gani, na utampigia nani yakichelewa. Kama hakuna mtu huyo, ahirisha hadi awepo. Bahasha isiyo na msomaji ni ile iliyomkosesha mdogo wangu usingizi. Mtoto wake sasa ana miezi minane, na bado hutupa kidevu juu akibebwa.

Jirani yangu hakupimwa chochote. Alikuwa na miaka 26, hakuna aliyewaza. Aliambiwa kitandani, saa chache baada ya kujifungua, na mtu aliyekuwa akiandika faili bila kuinua macho: huyu ana dalili za Down. Hakuelezwa zaidi. Hakuna aliyempima mtoto kromosomu wakati ule, ingawa ilipasa, kwa sababu katika familia chache hali hiyo hurithiwa, na jibu lingemsaidia kwa mimba iliyofuata. Tundu la moyo lilijulikana mwezi wa nne. Alikuwa ameona kijana wake anatoka jasho kichwani kila akinyonya, anaacha titi, anahema, anarudi, na kila aliyemuuliza alimwambia ni joto la Dar es Salaam. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo asikubali jibu la joto. Kijana huyo wa jirani alitibiwa, sasa yuko shule, na hupitia kwangu kuniamkia akiwa amevaa begi kubwa kuliko mgongo wake.

Nilimuuliza jirani angependa watu wafanye nini mtoto kama wake anapozaliwa. Akasema wageni wa siku za mwanzo waliingia kwa sauti za msibani, wakamtazama yeye, hawakumtazama mtoto. Wa kwanza kusema hongera alikuwa muuza maziwa, siku ya tatu, ambaye hakuwa ameambiwa kitu. Alichungulia kwenye khanga, akasema, "Hongera mama, dume hilo," akamimina maziwa, akatia na nyongeza.